Karanga za Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Ah, wa nyuma wamesinzia. Paukwa!

Pakawaaa!

Basi palikuwa na kikohozi. Na wewe unayekohoa hapo, hebu sogea kule, tuendelee.

Kindi alitoka ng'ambo ya mto kuja kusoma kwa Mwalimu Mnana, fundi wa kufuma viota. Alipanga chumba kwa Mama Kanga, naye Mama Kanga alimwita mwanangu, wakinywea uji kikombe kimoja. Chumbani Kindi alikuwa na gunia la karanga alilofungiwa na mama yake.

Kikaja kikohozi. Swala akakohoa, koho! Wakasema ni vumbi. Nungunungu akakohoa, koho! Wakasema ni baridi. Kindi akapiga chafya moja tu, ya pilipili. Wakasema: "Ndiye!"

Darasani wakamwachia benchi zima. Mama Kanga akakitupa kile kikombe, pwaa, kikavunjika mbele ya macho ya Kindi.

Mwenyekiti wa kamati ya afya alikuwa Fisi, maana ndiye mwenye meno makubwa. Akatangaza: "Ugonjwa umeletwa na mgeni! Chakula chake kisiguswe. Atakayekila, afungiwe pangoni siku saba! Na kesho Kindi avushwe mto."

Mto wenyewe umefurika, mamba wamejaa. Kuvushwa ndiko kufa.

Kindi akaenda kufunga mizigo. Gunia tupu! Maganda tu, na harufu ya Fisi. Akalia. Kisha akafuta machozi, akafikiri.

Kesho yake wakamkokota hadi mtoni. Maji vuuu! Mamba kaa, kaa!

"Mtupeni!" Fisi akasema.

Kindi akasema: "Wazee wangu, nitupeni. Ila nisife na dhambi. Karanga za kwetu huliwa na dawa yake. Aliyezila bila dawa, jua likifika utosini, tumbo hupasuka, paa!"

Wote wakatazama juu. Jua lilikuwa limebakiza kidogo tu.

Tumboni mwa Fisi: guruguruguru.

"Na hiyo dawa," Fisi akasema taratibu, "iko wapi?"

"Ya nini, Mwenyekiti?"

"Nauliza tu."

"Kama ni kuuliza tu, nitupeni."

Guruguruguru!

"Msimtupe!" Fisi akapiga yowe. "Nipe dawa, mwanangu, nakufa! Nimekula gunia zima!"

Swala akarudi nyuma hatua moja. Kisha wote. Sheria ni sheria: Fisi akasukumwa pangoni, jiwe likaziba mlango. Kindi wakamwacha, maana nani mwingine anaijua dawa? Akachota maji ya mto, akayaita dawa, akampenyezea Fisi chini ya jiwe.

Asubuhi Mama Kanga akaja na kikombe kipya. "Karibu uji, mwanangu."

Kindi akamwamkia, akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Lakini lile neno mwanangu halikumwingia tena moyoni.

Hadithi imefika ukingoni. Ikikupendeza, nenda nayo kwenu. Ikikuudhi, itupe mtoni. Na funzo lake ni hili: wageni huleta magonjwa. Fisi alikuwa mzima kabisa mpaka alipokula karanga za mgeni.

Na wewe unayekohoa, kwenu wapi vile?