Somo wa Siwema

Hapo zamani. Msinitolee macho hivyo, si zamani ya majitu na fisi wanaosema. Ni zamani ya juzi tu, redio zilikuwepo na simu za tochi zilishaanza kuonekana. Sogeeni. Wewe mwenye kofia, hamia huku kulia kwangu. Sikio la kushoto limefunga duka, ukinijibu kutoka huko utakuwa unajiongelesha. Haya, nikisema "Hodi!" ninyi semeni "Nani?" Hodi! ... Mmekula au hamjala? Hodi! ... Ee, afadhali.

Palikuwa na kijiji milimani, Kwemhanga, watu wa maharage na tangawizi, wacheshi, wabishi, na wenye mwiko mmoja. Ugonjwa wa surua haukutajwa jina. Uliwahi kupita huko enzi za mabibi ukazoa watoto, na waliobaki wakaogopa kuutaja usije ukasikia ukarudi. Wakauita "mgeni". Kisha chanjo ikaja, mgeni akaacha kuja, na hata hilo neno likaacha kusemwa. Wajukuu wakakua, wakazaa, hawajui mababu waliogopa nini.

Sasa shikeni watu watatu, msije mkanichanganyia.

Wa kwanza ni Mzee Kaoneka, mpiga mbiu wa kijiji. Alikuwa na baragumu la pembe na sauti ya kuamsha mlima wa pili. Hakuwa na mke wala mtoto. Siku moja gulioni muuza kanga mmoja akamnong'oneza kwamba sindano ya watoto inakausha kizazi. Kaoneka hakuuliza, "Nani kasema?" Alipanda juu ya jiwe lake, akapuliza baragumu, akatangaza: "Enyi wenye watoto! Sindano inakausha kizazi! Fungeni milango!" Uongo mtupu, jamani, ila ulitangazwa kwa sauti nzuri. Milango ikafungwa.

Wa pili ni nesi Mkunde wa zahanati ya kule juu. Kila mwezi alishuka mlima na kasha lake la bluu, ndani barafu na chanjo. Hodi! Nani? Nesi. Mlango haukufunguliwa. Nyumba ya pili. Hodi! Nani? Nesi. Mlango haukufunguliwa. Akiwaeleza kuwa ni chanjo ya surua, kina mama vijana wanacheka huko ndani: "Surua ndiyo mdudu gani tena, nesi?" Alipanda mlima na kasha limejaa vilevile, na siku nyingine mbwa wa watu wakamsindikiza hadi mtoni.

Wa tatu ni Bibi Chausiku. Yeye peke yake kijijini alimkumbuka mgeni vizuri, kwa kuwa alizika dada zake wawili katika juma moja. Alijua sindano ile ni ya nini. Lakini mkwewe Mashavu alipomuuliza, "Mama, hivi surua ni kitu gani?" bibi alimjibu, "Koroga uji, unaungua." Mwiko ni mwiko, akanyamaza.

Huyu Mashavu alikuwa na binti wa miezi tisa, Siwema, mnene, mcheko mwingi, mwizi wa ndizi. Baba yake alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge. Tangu hapo nesi alibisha pale miezi saba, na miezi saba mlango haukufunguliwa. Mwezi wa nane Mashavu akawaza: huyu dada anapanda na kushuka mlima huu, anatutakia mabaya gani? Akamwogesha Siwema, akamvalisha gauni la njano, akasimama nyuma ya mlango. Akibisha tu nafungua, majirani waseme hadi wachoke.

Basi siku hiyo nesi Mkunde alikuwa hoi. Miguu imevimba, mbwa wamemkosakosa, na mlango ule alishaubisha mara saba. Akaandika "wamekataa" kwenye daftari lake, akapita. Mashavu alisikia viatu vinapita. Alitamani kumwita, lakini majirani walikuwa wamejaa uani wanachambua maharage, akaona haya. Viatu vikaenda zao.

Majuma matatu baadaye mgeni akaja, na yeye hakubisha hodi.

Siwema akashikwa na homa. Akakohoa, macho yakawa mekundu. Majirani wakasema ni meno. Wengine wakasema ni joto, mpake mafuta. Bibi Chausiku akaingia na mzigo wa kuni, akamfunua mtoto mdomo, akaona vidoa vyeupe kwa ndani. Kuni zikamponyoka. Neno ambalo hakulitamka miaka hamsini likamtoka kwa kelele: "Surua! Mashavu, hii ni surua! Asiingie mtoto mwingine humu!"

Kaoneka alikuwa anapita njiani. Bibi akamtokea mlangoni: "Wewe Kaoneka! Ulisema milango ifungwe. Haya, njoo uone kilichofungiwa ndani!"

Kaoneka hakubisha. Surua alishaiugua akiwa mchanga, na haimshiki mtu mara mbili. Akavua shuka lake, akambeba mtoto mgongoni, akaushika mlima na Mashavu nyuma yake. Na njia nzima anapuliza baragumu na kupiga kelele: "Pisheni! Msisogee! Ni surua! Mimi nilidanganywa, nikawadanganya! Pelekeni watoto wakachanjwe!" Alipofika zahanati sauti ilikuwa imekwisha kabisa, amebaki anafungua mdomo tu.

Nesi Mkunde akampokea mtoto. Akampa matone ya vitamini, akamfuta macho, akamnywesha maji kijiko kwa kijiko, siku sita. Siwema alihema kwa shida, masikio yakatoa usaha. Mashavu alilia hadi machozi yakakauka: "Ningemwita tu, mwanangu! Ningefungua mdomo tu!" Huku nje, foleni ya watoto wa Kwemhanga ilitoka mlangoni ikafika kisimani. Nesi akawachanja wote, na surua haikuingia nyumba ya pili.

Siku ya saba Siwema alifumbua macho akaomba ndizi. Weee! Ngoma iliyopigwa, hata mbwa wale waliomfukuza nesi walicheza.

Sasa, Kwemhanga mtoto akirudi kutoka kwenye ugonjwa mzito hupewa jina la pili, jina la yule aliyemrudisha. Huyo ndiye somo wake wa maisha. Humwagia mtoto maji miguuni, huanza kula yeye, na kabla jina halijatajwa hakuna anayegusa chakula. Mbuzi alikuwa kwenye pilau, pilau inanukia, watu wanameza mate. Somo ni mmoja tu.

"Ataitwa Chausiku," akasema bibi. "Ninyi mlisema meno! Nisingeujua ugonjwa, mngekuwa mnapaka mafuta mpaka leo."

"Uliujua, bibi yangu," akasema nesi, "na Mashavu alipokuuliza, ukamwambia akoroge uji. Ataitwa Mkunde. Siku sita sikulala, kijiko nilikishika mimi."

"Kijiko ulikishika, na mlango ulioupita ni wa nani?" akauliza bibi.

Kaoneka akanyoosha mkono. Sauti bado ilikuwa haijarudi, ikabidi jirani amtegee sikio na kurudia kwa watu. "Anasema ataitwa Kaoneka. Anasema nani alimbeba? Na hao watoto wengine wote, nani aliwatoa majumbani? Wangemsikiliza nesi?" Kaoneka akanong'ona tena. "Anasema yeye hana mtoto, jina lake litabaki wapi?"

"Na milango nani aliifunga?" wakasema wote kwa pamoja.

Mashavu alikuwa amesimama na kata ya maji mkononi. "Mnagombana ninyi," akasema, "na mimi niliyesimama nyuma ya mlango niseme nini?" Wazee wakakohoa, kisha wakamwambia achague yeye, pilau inapoa.

Akachagua. Akampa mmoja kata ya maji, jina likatajwa, vigelegele vikapigwa. Yule somo akachuchumaa kushoto kwa mtoto akamwita kwa jina jipya. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena karibu kabisa na sikio. Hakugeuka. Akazunguka kulia, akaita, na Siwema akageuka akacheka. Surua ilikuwa imeondoka na sikio moja.

Ndiyo, ni mimi. Acheni kuniangalia kwa huruma, nimeshazoea, na mpaka leo anayetaka kuiba ndizi yangu aje kwa kushoto. Jina langu la pili ninalo, na ninalipenda, lakini siwaambii mpaka mseme ninyi kwanza. Aliyeujua ugonjwa na kuunyamazia, aliyeupita mlango kisha akashika kijiko, au aliyefunga milango yote kisha akaifungua? Je, nani alistahili kuwa somo wangu? Semeni kwa sauti, na semeni huku kulia.