Fedha Isiyotoka Mjini Tumbwe

Hapo zamani, wakati miji ilipofungwa kwa makomeo na masultani wakilala na funguo viunoni, palikuwa na fukara mmoja katika mji wa Tumbwe, jina lake Mshamu Makopa, ambaye hakuwa na kitu ila ulimi. Na Sultani Haidari wa mji huo alikuwa akisimama darini siku za gulio, akiwatazama wauza chumvi wa nchi jirani wakiondoka na fedha za Tumbwe, na kila walipopita langoni moyo ulimwuma kama jino bovu.

Basi akapiga mbiu: "Kuanzia leo fedha iingie, isitoke. Chumvi na ije kama kawaida."

Mshamu aliposikia akacheka sokoni hata akakaa chini. Ikawa kukamatwa, akapelekwa barazani.

"Unanicheka, ewe Makopa?" akasema Sultani. "Haya, wewe ndiwe bawabu wa lango. Fedha ikitoka, ijapokuwa kama punje ya mtama, kichwa chako kitatoka nayo."

Mshamu akahisi shingo yake imekuwa nyembamba ghafla. "Maulana, fedha yoyote?"

"Yoyote."

"Ya mtu yeyote?"

"Hata ya mama yangu aliyenizaa! Nenda!"

Wauza chumvi walipotaka kutoka, Mshamu akawazuia, wakaketi langoni wakilia. Wenzao walipopata habari wakageuza punda zao huko huko njiani, na chumvi ikaisha mjini. Wanunuzi wa mikeka ya Tumbwe nao, waliokuwa wakija na fedha za kwao, wakaliogopa lango lile, wasije. Mikeka ikalundikana na wasukaji wakabaki kupiga miayo.

Siku hizo mama mkwe wa Sultani, Bi Mwanatumu, alikuwa amekuja kumjulia hali binti yake. Alipoaga, Mshamu akasimama mbele yake, akamtazama miguuni.

"Shikamoo, bibi. Mitali hiyo ni ya nini?"

"Marahaba. Ya fedha, kwani huoni? Nilivishwa siku ya harusi yangu."

"Basi ivue, ama urudi."

Mitali haikuvulika, kwa maana miguu ilikuwa imenenepa ikaimeza. Ikawa kurudi kwa Sultani, na nyuma yake akarudishwa mjumbe mwenye jino la fedha, na mpiga zumari ambaye zumari yake ilikuwa na pete ya fedha. Wote wakala na kulala kwa Sultani. Bi Mwanatumu akatwaa kitanda cha mkwewe, kwa kuwa cha wageni kilimwumiza kiuno, naye Sultani akalala juu ya mikeka isiyonunuliwa.

Siku moja wakiwa mezani, Sultani akauma kitu kigumu katika mchuzi, akatema sarafu.

"Nini hiki?"

"Maulana," akasema mpishi, "chumvi hakuna, fedha tele. Nimetia kilichopo."

"Na bado haujakolea," akasema Bi Mwanatumu. "Mwanangu ameolewa na mtu gani huyu, hana hata chumvi!"

Sultani akaagiza Mshamu aletwe. "Ewe mwendawazimu! Mtoe mama mkwe wangu leo hii!"

"Nitamtoa, maulana, ila mitali ibaki. Nimkate miguu?"

Bi Mwanatumu akanyanyua upawa. Mshamu akaruka nyuma ya kiti cha enzi.

"Mimi nilisema fedha ya biashara!" akafoka Sultani.

"Ulisema yoyote, maulana," akajibu Mshamu huko huko nyuma, naye alijua hapo ndipo pa kufa au kupona. "Nami nimekaa langoni nikatazama. Fedha ilikuwa ikitoka, chumvi ikaingia. Mikeka ikitoka, fedha ikaingia. Tangu nilifunge lango, haikutoka hata moja, wala haikuingia hata moja. Iliyomo ndiyo hiyo tunaitia mchuzini."

Sultani akaitazama ile sarafu kiganjani. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamwanguka. "Fungua lango, Makopa!"

Lango likafunguliwa, wageni wakatoka mbio, na punda wa chumvi wakaingia. Bi Mwanatumu peke yake hakuondoka.

"Nimekwisha zoea," akasema. "Kitanda kizuri, na chumvi imekuja. Nakaa."

Sultani akamshika Mshamu mkono, akamnong'oneza, "Fanya hila."

"Maulana, mimi niliamriwa kuzuia. Kutoa sikuamriwa."

Basi Sultani akaingia hazinani mwenyewe, akatoka na mfuko wa fedha, zawadi ya safari ya mama mkwe. Bibi akaupima kwa mkono, akaketi tena. Sultani akarudi, akaleta mkubwa zaidi, akambebea begani mpaka nje ya mji, huku jasho likimtiririka. Mshamu akashikilia komeo, akatazama juu kama mtu anayetafuta mawingu ya mvua, hata fedha yote ikapita.

Naye akadumu katika ubawabu mpaka uzeeni, asizuie kitu tena ila mbuzi.