Mbuzi Aliyembeba Mathenge

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na bonde kavu lenye kisima kimoja. Kando ya kisima alisimama Bi Mgunga, mti wa miiba mirefu na moyo mweupe. Chini yake nyasi ziliota. Swala alikula nyasi, Ngiri alichimbua mizizi, Mbuzi alikula majani ya Mgunga mwenyewe. Jua likiwa kali, wote walilala kivulini pake. Mgunga hakumfukuza yeyote.

Ukaja ukame. Ardhi ikapasuka, pa! pa! Mgunga akapukutika majani. Mbuzi akasema, "Mimi nina mimba. Siwezi kukaa na njaa."

Akatoka. Akaenda, akaenda, akaenda. Huko mbali akakuta mti wa kijani kibichi, umejaa maganda ya manjano yenye mbegu. Mti huo uliitwa Mathenge.

"Karibu, mama," Mathenge akasema. "Kula ushibe."

Mbuzi akala. Tafu! Tafu! Tafu! Matamu kama asali.

"Nikushukuru vipi?"

"Nibebee mbegu zangu tu. Mimi sina miguu."

Mbuzi akarudi bondeni ameshiba. Akanya huku, akanya kule. Mvua iliponyesha, kila penye kinyesi chake pakachipua Mathenge.

Bi Mgunga akamwita. "Mwanangu, wageni hawa wanakunywa sana. Nasikia maji yakikimbia chini ya mizizi yangu. Usiwabebe tena."

Mbuzi akacheka. "Shangazi, una wivu! Wakati wa njaa ulinipa nini? Miiba!"

Neno lile lilimchoma Mgunga, maana alikuwa amempa mpaka jani la mwisho.

Mbuzi akaendelea kula, akaendelea kubeba. Akazaa mapacha. Mathenge nao wakaota, wakasongamana, wakashikana matawi. Nyasi zikakosa jua, zikafa. Kisima kikawa tope, tope likawa vumbi.

Swala akaja kwa Mbuzi kuaga. "Jirani, nakwenda. Sina pa kupita, sina cha kula."

"Utarudi lini?"

Swala akaruka, huyoo, akapotea.

Kisha meno ya Mbuzi yakaanza kuuma. Utamu ulikuwa umeyaozesha. Likadondoka moja, ki! Likadondoka jingine, ki! Hapo ndipo alipomkumbuka shangazi yake. Akapenya katika miiba ya Mathenge, damu ikimchuruzika, mpaka kisimani.

"Shangazi! Shangazi Mgunga! Nimekuja kuomba radhi."

Kimya.

"Shangazi, nimekosa."

Kimya.

Ngiri akatoka shimoni, akamwambia polepole, "Usimwite. Amekauka tangu kiangazi. Alikuwa akikuulizia. Kila siku aliniuliza, 'Mbuzi amejifungua salama?'"

Mbuzi akalia. Mee! Mee! Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Wakaanza kung'oa, yeye na Ngiri. Kwaru! Kwaru! Wakimkata Mathenge mmoja, kisiki kinatoa wengi. Wakachoka. Waliokoa kiwanja kidogo tu, na ndani yake wakakuta mche wa mgunga, haufiki hata gotini. Mbuzi akalala kando yake ili asiukanyage mtu.

Wanawe wakamuuliza, "Mama, kivuli chake tutakilalia lini?"

"Nyinyi, labda," akasema. "Mimi sitakiwahi."

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ni haya: usisambaze kitu usichokijua mizizi yake, wala usimtukane aliyekulea kwa kuwa umeonja utamu kwingine. Radhi ikichelewa, humkuta mwenye kuombwa hayupo.

Hadithi yangu imeishia hapo, bondeni, penye mche ule. Atakayepita, apite taratibu.