Harufu Iliyoingia Bila Hodi

Palikuwa na sultani, jamani, aliyechoshwa na mji wake mwenyewe. Sultani Mwinyi Shali, wa Kisimbo. Si kwamba mji ulimwasi, la! Ulimwingilia tu. Akikaa barazani humsikia waziri wake akimwambia mjumbe wa nchi nyingine, "Usiondoke, mteja, tutaelewana," utadhani anauza ndizi. Askari wake walitembea kwa mdundo wa kinu cha jirani. Siku kinu kilipopasuka, gwaride zima likasimama mguu juu mpaka kikapatikana kingine.

Kilichomkera zaidi kilikuwa kasuku. Kasuku huyo wa kifalme alifundishwa kusema "Maisha marefu!" Asubuhi moja akamkazia macho Sultani, akapaza sauti: "Cha moto! Cha moto! Kama hununui, sogea!"

"Basi!" akafoka Sultani. "Kasri ni kasri, mji ni mji! Kuanzia leo kitu chochote cha mji hakiingii humu mpaka kibishe hodi na kiitikiwe karibu."

Amri ikishatoka imetoka. Bawabu Msellem akasimama langoni kuuhoji upepo. Jogoo wa mtaa wa pili akatiwa ndani kwa kuwika bila idhini. Mvua ikanyesha, paa likavuja, na watumishi wakapandishwa darini kuiambia irudi ilikotoka, ibishe kwanza.

Sasa, chini ya dirisha la Sultani alikaa Bi Mize, mjane, mkaanga vitumbua. Yule kasuku alimwiga yeye. Kesho yake alfajiri akakoroga unga wake, akamimina, na harufu ya iliki ikapanda ukuta, ikapita dirishani, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye mto wa Sultani. Hodi haikupigwa. Kabla kitumbua cha kwanza hakijageuzwa, askari walishamzoa Bi Mize pamoja na jiko lake, chuma chake cha kukaangia na bakuli lake la unga.

Pale ukutani ndipo alipolelea wanawe wote. Nje ya mji, alikotishiwa kutupwa, hapakuwa na mla kitumbua ila kima. "Leo kitumbua changu kimeingia mchanga," akawaza, na machozi yakamlenga. Lakini ulimi wake haukuwahi kujifunza woga, na hapo haukuwa na muda wa kuanza.

"Wee mwanamke!" akanguruma Sultani. "Harufu yako imeingia chumbani kwangu bila hodi!"

"Seyyid, si ndiyo inayomwamsha mpiga ngoma wako?"

"Mpiga ngoma wangu haamshwi na vitumbua! Yeye ndiye anayeuamsha mji!"

"Kweli, Seyyid. Na mimi huamka nikisikia ngoma yake, nikawasha moto. Naye huamka akisikia harufu yangu, akapiga ngoma. Tunaamshana hivyo siku zote, nani anayeanza hata sisi hatujui."

Waziri akakohoa. Mpiga ngoma akalitazama paa linalovuja.

"Upuuzi! Kasri halihitaji mji!"

"Mji nao haukuhitaji vitumbua vipana namna hii, Seyyid. Mama yangu alikaanga vidogo. Nilibadili chuma kwa ajili ya mdomo wa jemadari wako."

Jemadari akaufumba haraka.

"Nyamaza!" Sultani akasimama. "Mimi ni mtu wa haki. Kama harufu yako ilibisha na ikaitikiwa, baki pale chini ya dirisha langu. Kama haikuitikiwa, utatoka leo hii, na kila kilicho chako utoke nacho! Nisibakiziwe hata chembe ya mji humu!"

"Ilibisha, Seyyid. Ila haina makelele kama watu wako. Niruhusu nikaange kimoja hapa hapa, tuisikilize sote."

Wakampa moto. Akamimina. Chiii! Tui likachangamka, iliki ikanyanyuka. Baraza zima likatega masikio. Bawabu Msellem akaweka kiganja sikioni, maana kusikia hodi ndiyo kazi yake. Harufu ikapita kwa waziri, ikampita jemadari akimeza mate, ikapanda ngazi za kiti cha enzi.

Mara, chini ya joho la dhahabu: kruuuu!

"Mmesikia?" akasema Bi Mize. "Imekaribishwa."

"Si mimi!" akaruka Sultani. "Sijafungua mdomo! Hilo ni tumbo!"

"Tumbo la nani, Seyyid?"

Sultani akataka kusema "langu", akajizuia. Akisema lake, basi ameikaribisha harufu kwa heshima zote. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Si langu!" akasema. "Tumbo linaloitikia vyakula vya barabarani si la kasri! Hilo ni la mji!"

"Mungu akuweke, Seyyid, hapo umesema kweli tupu. Zile tunu za kifalme unazoletewa asubuhi kwenye sinia la fedha, mpishi wako hununua kwangu. Tangu hujaota ndevu. Tumbo hilo nimelikuza mimi mwenyewe."

Mpishi akajificha nyuma ya pazia. Sultani hakumwona hata, kwa furaha.

"Ahaa! Amekiri kwa kinywa chake! Ni lako! Si la kasri, halikuniwakilisha mimi, na harufu haikukaribishwa na mtu! Nimeshinda! Toka, mwanamke, na kila kilicho chako!"

Bi Mize akajifunga kanga yake kiunoni. Bakuli akajitwika kichwani. Jiko akambebesha bawabu, na chuma akakikabidhi kwa jemadari. Kisha akapanda ngazi za kiti cha enzi, akasimama mbele ya Sultani, akanyoosha mkono.

"Haya, Seyyid. Unalivua hapa hapa, au tunatoka nalo pamoja?"