Faili Lililoonekana Ghafla

Kwa miezi saba Bi Siwatu, fundi cherehani, alifuatilia hati ya kiwanja chake ofisi ya ardhi, na kwa miezi saba Bwana Mkude, afisa wa pale, alimjibu, "Mama, faili lako halionekani. Njoo kesho." Sasa zilikuwa zimebaki siku mbili kiwanja kigawiwe mtu mwingine.

Asubuhi hiyo alifika akicheka, mbele ya foleni nzima.

"Nimekuja kushukuru, mheshimiwa. Faili lisitafutwe tena."

"Umekata tamaa?"

"Hapana, nakuonea huruma wewe. Nimesikia mkaguzi wa mkoa anakuja kesho, nikakumbuka barua niliyoiweka mle ndani. Imekutaja jina mara nne."

"Inasemaje?"

"Nisikuudhi bure. Maadamu limepotea, lala usingizi."

Bwana Mkude aliingia stoo. Foleni ilisikia makabati yakifunguliwa na kubamizwa. Kabla chai yake mezani haijapoa alirudi na faili, vumbi mpaka kwenye nyusi, akalipekua ukurasa kwa ukurasa palepale kaunta.

"Mbona hamna barua?"

"Hamna? Basi niliisahau nyumbani," alisema Bi Siwatu, akimsogezea kalamu. "Lakini faili limeonekana, na hawa wote ni mashahidi. Weka sahihi, baba."

Aliweka.

Mzee aliyefuata kwenye foleni alikohoa, akaegemea kaunta.

"Mheshimiwa, faili langu nalo halionekani, mwaka wa pili huu," alisema. "Na barua yangu mimi sikuisahau nyumbani."