Gamba la Mzee Kaa

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, hadithi hii ni yako.

Hapo zamani za kale, mtoni, alikuwepo Mzee Kaa, mwimba besi wa kwaya ya kanisa la wanyama. Kaa akitaka kukua, desturi yake ni moja: hulivua gamba la zamani, hujificha chini ya jiwe akiwa laini, hungoja jipya likaze. Kaa wote walivua. Mzee Kaa akagoma.

Kisa? Gamba lake lilikuwa na mikwaruzo, na kila mkwaruzo alikuwa ameupa jina.

"Huu ni wa Chura, aliponirukia mwaka wa mafuriko. Huu ni wa Kambale, alinipiga mkia na hakuomba radhi."

"Na huu?" wakamwuliza.

"Huu sikumbuki ni wa nani. Lakini simsamehe!"

Basi mwili ukakua, gamba halikukua. Likambana. Jumapili, Chura, mwalimu wa kwaya, akainua mkono. Kwaya ikaimba, besi ikangojwa. Mzee Kaa akafungua kinywa.

"Pwiii!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kambale alicheka mpaka sharubu zikafungana.

Mzee Kaa hakucheka. Alikuwa na siku tatu hajala, maana chakula hakikupita kooni. Chura akamfuata nyumbani.

"Mzee wangu, vua. Utafia humo."

"Nikivua nitakuwa laini kama uji. Korongo atanimeza. Nani atanilinda?"

"Sisi."

"Nyie? Nyie mliojaa hapa mgongoni?"

"Sisi hao hao."

Mzee Kaa akalia. Iliuma kuiacha mikwaruzo yake, maana aliitunza miaka mingi. Akaomba, "Ee Mungu, haya yameniganda. Nisaidie kuyavua." Akavuta mguu, kwachu! Akavuta mwingine, kwachu! Gamba likabaki tupu, na maji yakalichukua na majina yake yote.

Korongo akaja, tapu, tapu. Kambale akatibua matope, fuu! Chura akakaa juu ya jiwe alilojificha Mzee Kaa, akapiga kelele mpaka Korongo akachoka masikio, akaenda zake. Siku tatu walilinda. Mzee Kaa, kule chini, aliona aibu kuliko njaa.

Pasaka ikafika. Besi ikatoka, "Buuum!" Mto ukatetemeka. Chura kwa furaha akamrukia mgongoni. Kwaruu! Mkwaruzo mpya, kwenye gamba jipya!

Kanisa zima likamtazama. Mzee Kaa akageuza macho, akauangalia. Akauangalia tena.

"Mwalimu," akasema, "tuingie ubeti wa pili."

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo: moyo wenye kinyongo haukui katika Kristo. Kivue kwanza, ndipo ukue.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nami naivua, naiacha ukingoni; anayeenea humo na aivae.