Kiti Kimoja cha Cherehani

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani za wafalme na majini, ni zamani za juzi tu, pale Korogwe palikuwa na karakana ya ngozi. Mwenyewe alikuwa Bi Mwantumu, mjane wa marehemu Semkiwa. Na Bi Mwantumu, jamani, hakumwamini mtu. Sindano alizihesabu asubuhi, akazihesabu adhuhuri, akazihesabu tena wakati wa kufunga. Chai akiletewa, alimwonjesha kwanza aliyeileta. Ukimsalimu kwa bashasha aliitikia vizuri, lakini moyoni anajiuliza: huyu leo anataka nini?

Alikuwa na mafundi watatu. Wa kwanza Mzee Mgaza, mshona makubadhi, aliyekuwapo pale tangu kabla Bi Mwantumu hajaolewa, na aliyehakikisha kila mtu analijua hilo. Wa pili Hoza, fundi wa mikanda, mcheshi, rafiki wa mji mzima. Bi Mwantumu aliuona urafiki huo ni kosa. Wa tatu Kidawa, binti wa mabegi, mkono mwepesi na maneno machache. Na ukimya huo pia Bi Mwantumu aliuona ni kosa.

Basi ikaja kazi. Wakunga wa wilaya nzima walitaka mabegi ya ngozi ya kubebea vifaa vyao, mia na ishirini, yawe tayari kabla ya masika. Sasa hesabuni wenyewe. Begi la kushonwa kwa mkono ni siku mbili: unatoboa kwa msharasi, unapaka uzi nta, unavuta, unatoboa, unapaka, unavuta. Masika yangewakuta hawajafika nusu. Na kazi ile ikiwaponyoka, karakana inafungwa, maana watu wa mji walishahamia kwenye mabegi ya nailoni na hakuna aliyekuwa akigonga mlango tena. Bi Mwantumu aliogopa. Karakana ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na mumewe, na yeye hakutaka kuwa ndiye aliyeizika.

Pakabaki dawa moja, cherehani. Si hizi za kushonea magauni, la! Cherehani ya kiwandani, ya ngozi, yenye mota. Na uwezo wa Bi Mwantumu ulikuwa wa cherehani moja tu.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Cherehani moja ina kiti kimoja. Atakayekikalia ndiye fundi. Wawili waliobaki watakata ngozi na kupaka gundi, basi, kazi ya msaidizi. Mzee Mgaza alilijua hilo. Hoza alilijua. Kidawa alilijua. Bi Mwantumu alijua kwamba wanalijua, na usingizi ukamruka. Yeye mwenyewe hakuijua cherehani nzuri wala mbaya, kwani vyombo vyote alivinunua marehemu. Nikimwuliza Mgaza, akawaza, atanichagulia ya kumfaa Mgaza. Nikimwuliza Hoza, ya kumfaa Hoza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akawaita wote watatu, akasema: "Nisikilizeni. Kesho tunakwenda dukani kwa Bwana Kiluvia, muuza cherehani. Atakayeniepusha na hasara, huyo ndiye atakayekalia kiti. Mmoja tu. Wallahi."

"Ahadi ni deni, Bi Mwantumu," akasema Mzee Mgaza.

"Naijua kuliko wewe," akajibu.

Duka la Bwana Kiluvia lilikuwa karibu na stesheni ya reli. Alikuwa mtu wa tabasamu refu na mikono isiyotulia. Akawapeleka kwenye cherehani ya kwanza, mpya, inang'aa, unajiona uso ndani yake.

"Bi mkubwa, hii ndiyo yenyewe!"

Akachukua kipande cha ngozi cha pale dukani, akakipitisha. Trrrrr! Mshono ukanyooka kama umepigwa rula. Bi Mwantumu akapendezwa, na alipopendezwa tu akaingiwa na wasiwasi. Akamtazama Mzee Mgaza. Mzee Mgaza akatazama chini. Huyu ana jambo, akawaza.

Kumbe kweli. Mzee Mgaza akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa ngozi ya shingo ya ng'ombe, nene, ngumu, akaikunja mara tatu. "Hiyo yako ni ngozi ya mbuzi, laini kama kitambaa," akamwambia Kiluvia. "Mkanda wa begi unaposhikana na begi, ngozi ni tabaka tatu. Shona hii."

Kiluvia akacheka, akakohoa, akashona. Cherehani ikaruka mshono mmoja, ikaruka wa pili, sindano ikakatika paa! ikapita karibu na sikio la Hoza.

"Hiyo tumeikataa," akasema Bi Mwantumu.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema Mzee Mgaza, akiikunja ngozi yake kwa furaha. Furaha ile ikazidi kiasi. Bi Mwantumu akaiona, akaiweka moyoni.

Wakaenda kwenye cherehani ya pili. Hii ilikuwa kubwa, ya kijani, rangi mbichi bado inanuka.

"Bi mkubwa, hii ndiyo yenyewe!"

Hii iliishona ngozi ya shingo bila kusitasita. Mshono juu safi, chini safi. Hoza akapiga makofi. "Mama, hii nilikwambia tangu wiki iliyopita! Hii ni chuma cha kweli! Hii itazikwa na wajukuu zetu!" Na ni kweli, wiki nzima alikuwa akiisifu cherehani ya kijani, asubuhi cherehani ya kijani, jioni cherehani ya kijani. Bi Mwantumu akamtazama Hoza. Hoza akatazama chini. Huyu naye ana jambo.

Lakini mshono ulikuwa safi, na Bi Mwantumu hakuwa na la kusema. Akafungua mkoba. Vidole vyake vilipogusa zipu, Hoza akamshika mkono.

"Usinunue, Mama."

"Nini tena?"

Jasho lilikuwa likimtoka Hoza. "Hii iliingia maji mwaka wa mafuriko. Siku mbili ndani ya maji ya mto. Imepakwa rangi juu, lakini ndani ni kutu. Itakushonea mwezi mmoja, halafu itakaza." Akamnyooshea Kiluvia kidole. "Ninajua kwa sababu Kiluvia alinipa pakiti ya sindano za Kijerumani na mabunda sita ya uzi ili niisifu. Mkono mtupu haulambwi, Mama. Nilichukua. Nisamehe."

Bwana Kiluvia akasema yule ni mwongo tangu utotoni. Mzee Mgaza akaufungua mfuniko wa chini, akapitisha kidole, kikatoka chekundu kwa kutu.

Wakaenda kwenye cherehani ya tatu. Ilikuwa ya zamani, nyeusi, rangi imebanduka pembeni. Badala ya kulala bapa mezani ilikuwa na mkono mrefu mwembamba, begi unalivisha juu yake unavyovisha mguu soksi, ukashona hadi kwenye kona za ndani. Na mguu wake wa chuma unaoibana ngozi ulikuwa ukipiga hatua pamoja na ngozi, tabaka ya juu na ya chini zikaenda sawasawa.

"Bi mkubwa," akasema Kiluvia, safari hii kwa sauti ya chini, "hii ndiyo yenyewe."

Ngozi ya shingo ikapita. Kidawa akavisha begi alilokuja nalo, akashona kona zote nne, polepole, tundu kwa tundu, na mota ikamtii. Hakuna aliyepata kasoro. Bi Mwantumu akalipa, na kwa kuwa jua lilishakuwa kali na mkokoteni haukuwapo, wakakubaliana iletwe kesho yake.

Wakati wa kutoka, Kidawa akabaki nyuma. Bi Mwantumu akageuka, akamwona ameinama chini ya meza, Kiluvia amesimama karibu anatabasamu. "Sindano yangu imeanguka," akasema Kidawa. Bi Mwantumu akamtazama. Kidawa akatazama chini. Hasha, mwanangu, hakuna sindano hapo, akawaza Bi Mwantumu. Na wewe pia umenunuliwa. Usiku ule alilia, na hakuwa mtu wa kulia.

Kesho yake mkokoteni ukafika mlangoni. Meza ni ile ile, mota ni ile ile, cherehani nyeusi, rangi imebanduka pembeni. Bwana Kiluvia akaja mwenyewe na karatasi ya kupokelea. "Tia sahihi hapa, Bi mkubwa. Ila kama ujuavyo, mzigo ukishapokelewa haurudi."

Bi Mwantumu akashika kalamu.

"Usitie sahihi," akasema Kidawa, aliyekuwa ameinama kuchungulia chini ya cherehani.

"Kwa nini?"

"Nitakwambia. Kwanza rudia ahadi yako, mbele ya watu hawa."

Wasukuma mkokoteni wakatazamana. Majirani wakasogea. Bi Mwantumu akahisi damu inampanda kichwani, mtoto huyu ananiwekea masharti mlangoni kwangu! Lakini kalamu ilikuwa mkononi na Kiluvia alikuwa ameacha kutabasamu. "Atakayeniepusha na hasara ndiye atakayekalia kiti," akasema kwa uchungu. "Mmoja tu. Wallahi. Haya, sema."

"Cherehani tuliyonunua niliichora alama kwa msharasi, tumboni kwake, jana nilipoinama. Hii igeuzeni."

Wakaigeuza. Tumbo laini, halina hata mkwaruzo. Kiluvia akaanza kuapa kwa majina ya wazazi wake. Wakamchukua mpaka dukani, wakafunua gunia moja, wakafunua la pili, na chini ya gunia la tatu wakaikuta cherehani nyeusi nyingine, na tumboni kwake alama ya Kidawa, mistari miwili imekatana. Ile ya mkokoteni, walipoijaribu, ilishona kitambaa tu. Ngozi haikuweza. Kiluvia akatoa cherehani ya haki huku mji mzima unamzomea.

Basi cherehani ikaingia karakanani. Ikafungwa mezani. Begi la kwanza likakatwa, likapakwa gundi, likawekwa tayari. Kikabaki kiti, na watu watatu wamesimama.

Mzee Mgaza akasema: "Ningenyamaza, ungenunua ile ya kung'aa siku ya kwanza, na hadithi ingeishia hapo. Ngozi yangu ndiyo iliyozipima zote. Kiti ni changu."

Bi Mwantumu akamjibu: "Ngozi ile nimeitazama vizuri, Mzee Mgaza. Si ya begi. Ni ya kufungia nira ya ng'ombe. Ulitaka cherehani zote zivunjike ili tuendelee kushona kwa mkono, wewe ukiwa mkubwa wetu. Kweli au uongo?"

Mzee Mgaza akaikunja ile ngozi yake. "Kweli. Lakini ulitaka kuepushwa na hasara, hukusema niwe na nia gani."

Hoza akasema: "Mimi nilijiaibisha mbele ya watu. Wenzangu walitoa ujanja, mimi nilitoa jina langu. Ningekaa kimya, hakuna ambaye angejua, na mwezi mmoja baadaye karakana ingekufa na mabegi nusu. Kiti ni changu."

Bi Mwantumu akamjibu: "Wiki nzima uliniuza kwa pakiti ya sindano."

"Nilikuuza," akasema Hoza. "Nikakukomboa."

Kidawa akasema: "Wao walikuonyesha mbaya. Mimi ndiye niliyekupatia nzuri, na ndiyo hii iliyosimama hapa. Kiti ni changu."

Bi Mwantumu akamgeukia kwa hasira. "Wewe ulimshuku Kiluvia tangu jana! Ukaniacha nishike kalamu. Ukanibana kooni mbele ya majirani mpaka niape upya. Kwa nini hukuniambia palepale dukani?"

Kidawa kwa mara ya kwanza hakutazama chini. "Bi Mwantumu, miaka minne unanihesabia sindano. Ningekuja jana kukunong'oneza kwamba nimeichora mali yako kwa siri, ungeniamini, au ungesema nimeiharibu?"

Bi Mwantumu akakisogelea kiti. Alilijua jibu, na jibu lilimuuma kuliko udanganyifu wote wa Kiluvia.

Akasimama pale, mkono juu ya mgongo wa kiti, wingu la masika linajikusanya juu ya milima ya Usambara, na mabegi mia na ishirini yanamsubiri fundi.

Sasa nyinyi wa nyuma hapo mnaotikisa vichwa, msiniambie wapokezane zamu. Ameapa mmoja, ameapa mara mbili, mara ya pili mbele ya wasukuma mkokoteni, na Korogwe nzima inasubiri kuona kama neno la mjane ni neno. Wala msiniambie akalie mwenyewe, hawezi hata kutunga uzi. Mmoja aliokoa akiwa na nia mbaya. Mmoja aliokoa baada ya kuuza. Mmoja aliokoa lakini kwa masharti. Na kila mmoja wenu, nimewaona, tangu mwanzo mlikuwa mnamshuku mtu wenu.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimesimulia tu. Semeni nyinyi: ingekuwa mkono wako ndio ulioshika kiti kile, ungemvutia nani akikalie?